Gamba si keja: Mjengee kobe makao kwa vitu vya shambani, kutoka Kitale hadi Bungoma

Wasee wengi wana imani kwamba kobe hahitaji nyumba. Si anatembea nayo mgongoni? Basi anaachwa kwa boma, mvua ikinyesha anajipanga, baridi ikiingia anajifungia ndani ya gamba, maisha yanasonga. Halafu asubuhi moja anapatikana amezubaa kando ya ua, mapovu puani, na hakuna anayejua kilichompata.

Ukweli ni huu: gamba ni mifupa. Mbavu na uti wa mgongo wa kobe vimeungana na gamba lenyewe. Ukiligonga, anasikia. Likipoa, yeye pia anapoa. Kusema gamba ni nyumba ni kama kukuambia wewe huhitaji blanketi kwa sababu una ngozi.

Habari njema ni kwamba kumjengea makao hakuhitaji doo nyingi. Karibu kila kitu kiko shambani Trans Nzoia na Bungoma: udongo, nyasi, mawe, magogo, hata mtungi uliovunjika. Kazi ni kujua kipi kinafaa, kipi ni sumu, na kwa nini keja inayofanya kazi Kitale inaweza kumwangusha kobe wa Bungoma.

Kwanza karatasi, halafu udongo

Kabla hujachimba shimo la nguzo, jua hili: hapa Kenya mnyama wa porini si wako, hata kama umemkuta akila sukuma wiki yako. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, unahitaji kibali cha KWS ndio uweke kobe, chatu, kinyonga au kenge. Hakuna cha "ni kamoja tu" wala "niliachiwa na babu".

Ukidhani ni mchezo, kumbuka Mei 2025. Mahakama ya JKIA iliwapa vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 au miezi 12 ndani, kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia. Sisimizi, buda. Kobe je?

Walio na ruhusa ni kama makumbusho, bustani za nyoka na mashamba yenye leseni ya kufuga kobe, mamba, nyoka au vinyonga. Ukitaka kuingia kwa hiyo laini, anza na ofisi ya KWS, si na fundi. Na ukimkuta kobe shambani, mwache apite. Kama yuko hatarini, mbwa wamemzingira au amekwama barabarani, wapigie KWS. Upande wa Kitale wana watu Mlima Elgon na Saiwa Swamp. Usimnunue kwa muuzaji wa kando ya barabara eti unamwokoa. Ukimlipa leo, kesho anarudi na wengine watatu.

Unataka kuwaona bila kesi? Pita Makumbusho ya Kitale. Yalianza na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa akikusanya wadudu, wanyama na vitabu, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki 1966 aliiachia nchi mkusanyiko wake, na jengo la sasa likafunguliwa kwa umma Desemba 1974. Hapo ndani utapata nyoka, kobe na mamba, na uwanjani kuna nyumba za kienyeji za jamii za eneo hili. Ziangalie hizo nyumba vizuri. Zimejengwa na vitu vilevile tutakavyotumia hapa chini.

Kwa nini anahitaji keja

Wewe ukisikia baridi, mwili wako unachoma chakula unapata joto. Kobe, nyoka na mjusi hawana hiyo mashine. Joto lao linatoka nje: jua, jiwe lililopata jua, udongo uliolala na moto wa mchana. Wakipoa sana, tumbo linasimama, chakula kinakaa ndani bila kusagwa, na kinga ya mwili inalala. Wakipata joto kupita kiasi bila kivuli, wanakufa haraka kuliko kwa baridi.

Kwa hivyo keja ya mnyama anayetambaa si chumba cha kulala tu. Ni mahali pa kuchagua. Anatakiwa apate jua akitaka, kivuli akitaka, ukavu usiku, na sehemu yenye unyevu kidogo ya kujificha. Ukimpa sanduku moja lenye hali moja, umemfunga jela, hata kama sanduku ni safi.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau: woga. Wengi wa hawa wanyama hutulia wakisikia kitu kimewagusa pande zote. Mwangalie kobe-chapati, yule bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania. Gamba lake ni laini na jembamba, na akiona hatari anakimbia kujibana kwenye ufa wa jiwe. Hiyo ndiyo keja yake. Watu wamemwinda sana kwa soko la nje, hadi mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ukampandisha kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Somo lake kwako ni rahisi: nyumba ndogo inayombana kidogo ni bora kuliko jumba.

Kitale si Bungoma

Hapa ndipo wengi huchoma picha. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Bungoma mjini iko chini, kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti hiyo ya nusu kilomita unaisikia usiku. Kitale alfajiri unatafuta sweta. Bungoma unatupa blanketi, lakini mvua inakunyeshea mwaka karibu mzima na udongo haukauki.

Kwa hivyo shida ni mbili tofauti:

- Kitale: pigana na baridi. Kuta nene, mlango mdogo, dari ya chini, matandiko mengi makavu.
- Bungoma: pigana na unyevu na joto la mchana. Sakafu iliyoinuka, paa lenye ukingo mrefu, hewa inayopita juu ya ukuta.

Kobe mwenye madoa kama ya chui, yule anayejulikana zaidi hapa kwetu, anaweza kuvumilia usiku wa baridi kama amekauka na kesho atapata jua. Baridi yenye maji ndiyo noma. Mapafu yake yanajaa kohozi, na kobe hawezi kukohoa kulitoa kama wewe.

Vitu vya bure na kazi yake

*Udongo na kinyesi cha ng'ombe.* Ukuta wa fito uliokandikwa udongo unashika joto la mchana na kuliachia polepole usiku. Mabati hayawezi hiyo kazi: mchana ni jiko, usiku ni friji. Changanya udongo na kinyesi kibichi na nyasi zilizokatwakatwa ili usipasuke. Tahadhari moja: ng'ombe aliyepewa ivermectin kwa minyoo au kupe hutoa dawa hiyo kwenye kinyesi. Na ivermectin ni sumu kwa kobe, inaweza kumpooza na kumuua. Chukua kinyesi cha ng'ombe ambaye hajatibiwa karibuni.

*Udongo wa kichuguu.* Mama yeyote wa kijijini aliyesiriba sakafu anajua huu udongo ukikauka ni kama simiti. Tumia kwa sakafu na sehemu ya chini ya ukuta. Kenge waligundua kitambo: jike huchimba kichuguu kilicho hai, anataga mayai ndani, mchwa wanaziba tundu wenyewe, na mayai yanakaa kwenye joto lisilobadilika. Chukua udongo wa kichuguu kilichohamwa, si chenye mchwa, la sivyo watakula fito zako.

*Nyasi za kuezeka.* Paa la nyasi lenye unene wa sentimita 15 au zaidi, lenye mteremko mkali, halivuji na halipiki mnyama mchana. Bungoma liongeze ukingo utokeze angalau sentimita 40 nje ya ukuta.

*Nyasi kavu za kulalia.* Trans Nzoia watu wanauza marobota ya boma rhodes kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Hayo ndiyo matandiko bora: yanapasha joto, na kobe akiyala ni chakula chake halali. Majani makavu ya mgomba nayo ni poa sana upande wa Bungoma, mradi yamekauka kweli.

*Mawe bapa.* Weka moja mbele ya mlango panapopigwa na jua la asubuhi. Hilo ni jiko lake la bure. Liweke chini imara, lisiegemee kitu. Kobe ni tingatinga, atasukuma hadi limwangukie.

*Gogo lenye uwazi, mtungi uliovunjika, kibuyu.* Hizi ni nyumba za wadogo: mijusi, kobe wachanga, nyoka wadogo wa kwenye vituo vyenye leseni. Pasua kibuyu kikavu kati, safisha mbegu na uzi wote wa ndani, kilaze kimefunika. Mtungi wa udongo ukivunjika usitupe. Lainisha makali kwa jiwe, ulaze ubavuni, uzike nusu. Ndani patakuwa na ubaridi na unyevu kidogo hata jua likiwaka.

Simba ya kobe, hatua kwa hatua

Waluhya wanajua kijana akikua anajengewa simba yake kwa boma. Kobe naye ajengewe. Vipimo hivi ni vya kobe mmoja mkubwa mwenye gamba la sentimita 40 hivi.

1. Chagua mahali. Juu kidogo, maji yasituame, jua la asubuhi lifike. Subiri mvua moja uone inapiga ukuta wa nyumba yako upande gani. Mlango usielekee huko.
2. Inua sakafu. Tandaza mawe au vipande vya matofali, juu yake changarawe, juu yake udongo wa kichuguu uliopondwa. Sentimita 15 zinatosha Kitale, Bungoma fanya 25. Mlangoni weka mteremko mdogo wa kupandia, usiweke ngazi.
3. Simamisha fito. Nafasi ya ndani mita 1 kwa mita 1. Urefu wa ukuta sentimita 60. Ukizidisha, joto linapanda juu na kobe anabaki chini kwa baridi.
4. Kandika. Kitale ukuta uwe na unene wa sentimita 20. Bungoma 12 zinatosha, na uache upenyo wa hewa mwembamba chini ya paa. Ndani usiache fito imechomoza, itamkwaruza macho.
5. Mlango. Upana wa gamba lake ukiongeza sentimita 10, na kimo vilevile. Ning'iniza vipande vya gunia ili upepo usiingie. Atajifunza kuvisukuma kwa siku chache.
6. Ezeka. Fanya paa linaloweza kuinuliwa upande mmoja. Hilo litakuokoa siku ya kusafisha na siku ya kumtafuta mgonjwa.
7. Acha ikauke. Wiki mbili hadi tatu za jua. Kumwingiza kobe kwa udongo mbichi ni kumlaza ndani ya sponji.
8. Pima. Weka kipimajoto ndani, kisome saa kumi na moja alfajiri, ndio wakati wa baridi kali zaidi. Ukiona chini ya nyuzi 15 siku nyingi mfululizo, ongeza nyasi hadi azikwe kabisa. Kwa usiku mbaya wa Julai, jaza maji ya moto kwenye jerikani ya lita 5, ifunge kwa gunia, iweke pembeni.

Usiweke jiko la makaa ndani, hata kwa dakika 10. Moshi usioonekana unaua kimya, na paa ni nyasi.

Kila msimu wa kiangazi siriba upya. Ndio uzuri wa keja ya udongo: inarekebishwa na mkono. Na utairekebisha sana, kwa sababu kobe wa madoa anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yule Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena, kobe wa jamii ya Shelisheli, anakadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832, zaidi ya miaka 60 kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa. Huyu si kuku wa Krismasi. Jipange na watoto wako.

Hepa hivi vitu

Kuwa cha asili si kusema ni salama. Hapa ndipo wanyama wengi wanapotea.

- Magunzi ya mahindi. Kitale yamejaa na ni bure, kwa hivyo watu huyaponda kuwa matandiko. Kobe au mjusi akiyameza yanavimba na kuziba utumbo. Peleka jikoni.
- Maranda mabichi ya saipresi na mkaratusi. Ile harufu tamu ni mafuta yanayounguza mapafu na macho.
- Nguzo zilizopakwa dawa au oili chafu ya gari. Zinazuia mchwa, ndiyo, lakini kobe anasugua kichwa hapo kila siku.
- Mnyaa. Ua wa mnyaa uko kila mahali magharibi. Maziwa yake yanaunguza na yanaweza kupofusha. Usitumie fito zake wala kumfungia ndani ya ua huo.
- Lantana. Inapendeza kwa maua, lakini majani na matunda yake ni sumu.
- Makapi ya miwa. Bungoma yanapatikana kirahisi. Yakishika maji yanachacha, yanapata joto, na yanaita sisimizi wote wa kaunti.
- Nyasi zilizooza au zilizopigwa dawa ya magugu. Ukiona vumbi la kijivu au harufu ya ukungu, hiyo ni mboji sasa.

Si kobe peke yake

*Kinyonga* hataki nyumba kabisa. Anataka mti. Sehemu za Kitale na Mlima Elgon wana vinyonga wa nyanda za juu waliozoea usiku wa baridi, na kumfungia ndani ya nyumba yenye joto ni kumchosha. Kwa kituo chenye leseni, makao yake ni kichaka hai chenye majani mengi, matawi membamba ya kushika, na wavu wa kupitisha hewa. Hanywi kwa bakuli. Anaramba matone, kwa hivyo nyunyizia majani asubuhi. Wengine bado wanamuua kwa woga wa hekaya za zamani. Anakula nzi na panzi wako bila kukuitisha kitu.

*Nyoka* ni kazi ya waliofunzwa, mwisho wa story. Lakini ukitembelea bustani ya nyoka, angalia kama wamepewa mahali pa kujificha: gogo, mtungi, rundo la mawe lililosimikwa vizuri. Nyoka asiye na pa kujificha yuko kwa mkazo kila saa watu wanapomtazama, na nyoka aliye kwa mkazo hali chakula. Ukiona kizimba ni simiti tupu na kioo, uliza kwa heshima. Mgeni analipa kiingilio, ana haki ya kuuliza.

Maadui wa usiku

Siafu ni namba moja. Wakiingia keja ya kobe usiku wa mvua, hawezi kukimbia. Mwaga jivu kavu kuzunguka ukuta, lirudishie kila mvua ikishanyesha, na usiache mabaki ya chakula ndani. Mbwa ni namba mbili, hata yule mpole wa nyumbani. Hutafuna gamba kama mfupa. Panya humuuma aliyepoa na kulala, na nguchiro huchukua wachanga mchana kweupe. Usiku ziba mlango kwa ubao wenye matundu ya hewa, asubuhi ufungue.

Akiwa na kupe, mtoe mmoja mmoja kwa kibano. Usimwogeshe dawa ya ng'ombe, na usimruhusu mtu yeyote amdunge ivermectin. Yule daktari wa mifugo wa mtaa anaweza kuwa mkali kwa ng'ombe na asiwe amewahi kushika kobe; muulize kwanza.

Na nyinyi wa nyumbani: kobe na mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Mtoto akimshika, mikono kwa sabuni kabla ya chapati. Bakuli lake lisioshwe kwenye karai ya vyombo vya jikoni.

Utajuaje keja imekataa

Mnyama hasemi, lakini keja mbaya inaonekana:

- Analala nje kila usiku ilhali mlango uko wazi: ndani pana unyevu, harufu au joto baya.
- Haondoki hata jua likitoka: amepoa kupita kiasi au anaugua.
- Mapovu puani, mdomo wazi, sauti ya filimbi akipumua: mapafu. Usingoje wiki iishe, tafuta daktari wa wanyama na uwaambie KWS.
- Anakwaruza ukuta mmoja siku nzima: anaona nje kupitia tundu. Liziba.
- Nyasi zikikunjwa kwa mkono zinalowesha kiganja: badilisha leo, si Jumamosi.

Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Kila jioni ingiza mkono chini ya matandiko. Kukiwa kukavu na kuna uvuguvugu, kobe wako atalala fiti. Kukiwa na maji, hata gamba lenye madoa mazuri kiasi gani halitamsaidia mpaka asubuhi.